Karatasi ya kolesteroli haikuambii kiharusi kitakupiga kwa nguvu gani

Mjomba wangu alikuwa ameikunja karatasi ile mara nne na kuiweka kwenye waleti, nyuma ya kitambulisho. Alipimwa katika kambi ya matibabu ya bure huko Kangemi, na kila aliyeketi naye kwenye benchi la stejini lazima angeonyeshwa. Kolesteroli jumla 4.1. LDL 2.3. Hakuna namba hata moja iliyowekewa alama ya kuwa juu. "Mishipa yangu ni safi kama barabara za Lavington," alikuwa akisema, huku akiongeza chumvi kwenye mutura.

Miezi minne baadaye, Jumapili asubuhi, alishindwa kushika kikombe cha chai.

Sasa sikia hii nyingine. Kwenye ploti hiyohiyo anaishi jirani yake, anauza mitumba Kawangware. Huyo karatasi yake ilikuwa ya kutisha: LDL 4.7, na kolesteroli jumla karibu 7. Daktari alimwambia waziwazi kwamba anacheza na moto. Mwaka uleule naye akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukapinda kidogo, akalazwa siku chache. Leo ukipita kibandani kwake utamkuta akikunja jinzi na kubishana bei na wateja. Mjomba mpaka leo hawezi kumaliza sentensi.

Binamu yangu, ambaye yuko chuo mwaka wa pili, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale hospitalini: "Kwani hizi namba zina kazi gani, kama mwenye mbaya anatembea na mwenye nzuri hawezi kuongea?"

Nimelitafutia jibu tangu siku hiyo. Na kama una miaka 22 ama 28 na unafikiri hii ni hadithi ya wazee, vumilia kidogo, maana nitafika kwako.

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu wengi wetu huipokea, tunaangalia kama kuna kitu kimeandikwa kwa rangi nyekundu, kisha tunaitupa kwenye droo. Kolesteroli, ambayo kwenye habari utasikia ikiitwa lehemu, ni aina ya mafuta. Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hivyo ili yasafiri mwilini lazima yapande gari. Fikiria matatu. LDL ni zile matatu zinazotoka stejini, yaani kwenye ini, zikipeleka abiria mtaani. Seli zako zinawahitaji abiria hao, si wabaya. Shida inaanza matatu zikizidi: zinaanza kushusha abiria popote, hasa kwenye kuta za mishipa ya damu, na wakishuka hapo hawaondoki. Wanajikusanya miaka na miaka mpaka panakuwa na uvimbe wa mafuta ndani ya ukuta. Siku uvimbe huo ukichanika, damu inakimbilia kuziba pale, inaganda, na bonge hilo linafunga njia.

HDL ni gari la kurudi, linalookota abiria na kuwarudisha kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya akiba, na hupanda ukizidisha sukari, wanga na pombe. Ukienda kupima Jumatatu baada ya wikendi ya keg, hiyo ndiyo itakayokuchongea kwanza.

Kuna jambo hawakuambii maabara. Mara nyingi LDL yako haikupimwa, ilipigiwa hesabu. Wanapima kolesteroli jumla, HDL na trigliseridi, kisha wanatumia kanuni iliyochapishwa na Friedewald na wenzake mwaka 1972: chukua jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2, kinachobaki ndicho LDL. Trigliseridi ikizidi 4.5 kanuni hiyo inavunjika kabisa. Basi ukiona LDL yako imetoka chini ajabu huku trigliseridi iko juu mbinguni, usisherehekee. Rudi upimwe tena ukiwa hujala.

Madaktari wengine siku hizi wanapenda kipimo kiitwacho ApoB. Kila gari la LDL lina protini moja tu ya aina hiyo, kama vile kila matatu ina namba moja ya usajili. Kwa hivyo ApoB inahesabu magari, wakati kolesteroli inahesabu abiria. Na kinachoharibu ukuta zaidi ni wingi wa magari.

Haya. Sasa turudi kwa mjomba na jirani yake.

Kiharusi ni cha aina mbili kubwa. Kuna cha mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo, na kuna cha mshipa kuziba, sehemu ya ubongo ikakosa damu. Hiki cha pili ndicho kilichowapata wote wawili, na ndicho kinachoongoza duniani. Ukali wake hospitalini hupimwa kwa mizani inayoitwa NIHSS, yenye maswali 11. Unaambiwa ufumbe macho, uinue mikono, utaje mwezi huu ni upi, useme maneno fulani, na unapewa alama kutoka 0 hadi 42. Alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya. Kuanzia 1 hadi 4 ni kiharusi kidogo. Kuanzia 21 kwenda juu ni kikali sana. Jirani alipewa 3. Mjomba alipewa 19.

Swali ambalo watafiti wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi ndilo lile la binamu yangu: je, namba za mafuta kwenye damu zinaweza kutabiri alama hizo? Ungedhani jibu ni rahisi, mafuta mengi ndivyo kiharusi kinakuwa kikali. Lakini ukisoma tafiti unachanganyikiwa. Watafiti wa Copenhagen, Denmark, walichapisha matokeo mwaka 2007 kwenye jarida la Stroke wakionyesha kinyume: wagonjwa waliolazwa na kolesteroli ya juu walikuwa na viharusi vyepesi zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi baadaye. Si wao peke yao waliokuta hivyo. Kwa upande mwingine, utafiti wa Taiwan uliwakuta wagonjwa wenye HDL ya chini sana wakifika na alama mbaya zaidi na kupona vibaya zaidi.

Usikimbie kuagiza sahani mbili za nyama ya kuchoma bado. Kolesteroli haikuwalinda wale Wadenmark. Maelezo yenye mantiki ni kwamba kiharusi hutoka sehemu tofauti, na kila sehemu ina ukali wake.

Kwa jirani, kilichoziba kilikuwa kimshipa kidogo ndani kabisa ya ubongo. Mishipa midogo namna hiyo inalisha eneo dogo, kama uchochoro mmoja wa Kawangware ukifungwa: walio ndani wanateseka, lakini mji unaendelea. Kwa mjomba, bonge la damu lilitoka kwenye moyo. Moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio, na moyo ukipiga hivyo damu inatuama kwenye kona zake na kuganda. Bonge likapanda mpaka kichwani na kuziba mshipa mkubwa wa upande wa kushoto, upande wenye lugha. Hiyo ni kufunga Waiyaki Way yote. Na bonge linalotoka kwenye moyo halijali LDL yako ni 2.3.

Ndiyo maana ukiwachanganya wagonjwa wote kwenye jedwali moja, kolesteroli ya juu inaonekana kama inaleta viharusi vyepesi. Wenye mafuta mengi wengi wao wanapigwa kwenye mishipa midogo, na wenye moyo mgonjwa wanapigwa kwenye mikubwa wakiwa na mafuta ya kawaida. Ongeza na hili: mwili ukipata mshtuko mkubwa kama kiharusi, kolesteroli hushuka siku zinazofuata. Aliyepimwa siku ya tano atatoa namba nzuri kuliko aliyepimwa siku ya kwanza, na kadiri alivyoumia ndivyo inavyoweza kushuka. Tena mtu mzee aliyekonda, asiyekula vizuri, ana kolesteroli ya chini kwa sababu ni mgonjwa, na atapona vibaya kwa sababu hiyohiyo. Namba inafuata ugonjwa, wewe unadhani inauongoza.

Kwa hivyo jibu langu kwa binamu ni hili: karatasi ile haiwezi kukuambia kiharusi kitakupiga kwa nguvu gani. Nguvu inaamuliwa na ni mshipa upi umeziba, na muda uliopita kabla ya kufika hospitali. Kazi ya karatasi ni nyingine. Inakuambia kama unajenga ajali ndani ya mishipa yako, miaka 20 kabla haijatokea.

Na kwa kazi hiyo, ushahidi ni mzito. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliochapishwa 2016 ukiwa umefanywa katika nchi 32, ulikuta mambo kumi yanayoeleza takriban asilimia 90 ya viharusi vyote, na uwiano wa zile ApoB na protini ya HDL ni mmoja wao. Karibu zaidi na sisi kuna utafiti wa SIREN, wa Nigeria na Ghana, uliotoka 2018. Huo uliwalinganisha Waafrika zaidi ya 2,000 waliopata kiharusi na wengine idadi hiyohiyo ambao hawakupata. Namba moja ilikuwa presha. Namba mbili ilikuwa mafuta mabaya kwenye damu. Chini yake kulikuwa na nyama ya kila mara, kitambi, kisukari, kutokula mboga za majani, msongo wa mawazo, na chumvi ya kuongeza mezani. Ndiyo, sukumawiki imo kwenye jarida la Lancet Global Health. Mama yako alikuwa sahihi muda wote huo.

Kwa aliyekwisha kupigwa, kushusha mafuta kunasaidia pia. Mwaka 2006 utafiti uitwao SPARCL uliwapa watu 4,731 waliowahi kupata kiharusi, au dalili zake za kupita, ama atorvastatin miligramu 80 ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya karibu miaka mitano, waliopata kiharusi tena walikuwa asilimia 11.2 kwa waliomeza dawa na 13.1 kwa wengine. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini ukiwa wewe ni mmoja wa wale wawili kati ya mia, si ndogo hata kidogo.

Sasa, nilikuahidi kwamba nitafika kwako.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kisii, aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba alipima presha za Waafrika wapatao 1,000 na hakuona ile hali ya Ulaya ya presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwake presha ya juu ilikuwa kama haipo. Ruka miaka 60. Mwaka 1990 jarida la BMJ likachapisha utafiti uliowafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Wengi wa wahamiaji hao walikuwa vijana, watu wa kushuka na begi moja kwenye kituo cha basi wakitafuta kazi. Presha yao ilianza kuwa juu kuliko ya waliobaki ndani ya mwezi mmoja tu. Mwezi, si miaka. Mkojo wao ulionyesha chumvi imepanda na potasiamu imeshuka, yaani chakula kilikuwa kimebadilika: mboga na ndizi kidogo, chumvi zaidi. Uzito nao ukapanda.

Mimi huwaza utafiti huo kila nikipita Odeon jioni. Hebu jiulize umekula nini leo. Asubuhi mandazi mbili na chai ya maziwa pale Kencom. Saa saba chipo na soseji kwenye vile vibanda vya Tom Mboya, na chumvi inamwagwa kutoka juu kama mvua kabla hujasema lolote. Saa kumi na mbili smokie pasua, kwa sababu foleni ya kwenda 46 haisongi. Usiku indomie, na ile pakiti ya viungo unaimimina yote. Halafu usingizi wa saa tano, na asubuhi kazi ya kukaa. Sikulaumu, hicho ndicho kinachouzwa karibu na stejini kwa pesa tuliyo nayo. Yule anayekaa Kileleshwa na kula saladi na yule wa Kangemi hawakuchagua kwenye menyu moja.

Kitu kingine: kuna wanaopanda juu bila kosa lao. Wapo waliozaliwa na jeni ambayo inafanya ini lishindwe kuokota LDL, na hao wanaweza kuwa na namba za kutisha wakiwa na miaka 20 na wamekonda kama waya. Brown na Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi hilo linavyotokea. Upande wa pili wapo watu, na imeonekana zaidi kwa wenye asili ya Kiafrika, waliozaliwa na mabadiliko kwenye jeni ya PCSK9 ambayo yanashusha LDL maisha yao yote. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2006 ulikuta Wamarekani weusi wenye mabadiliko hayo wana LDL ya chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa umepungua kwa asilimia 88. Hawakufanya lolote, walizaliwa tu na bahati. Dawa mpya za sindano za kushusha LDL zilitokana na ugunduzi huo. Hivyo basi mwili uliokonda haukuambii kitu. Kama baba au mama yako alipata shambulio la moyo au kiharusi mapema, kabla ya miaka 55 au 60, wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kupimwa.

Lakini nani anapima? Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 uliwakuta takriban mmoja kati ya Wakenya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 akiwa na presha ya juu. Asilimia 56 walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani. Kolesteroli ndiyo usiseme: asilimia 98 hawakuwa wamewahi kuipima. Kwa hesabu hiyo mjomba wangu na karatasi yake alikuwa mtu adimu.

Na hapa ndipo panaponiuma. Wiki ya pili akiwa wodini, anti alitoa ile karatasi kwenye waleti akamwonyesha daktari, kama ushahidi kwamba kuna kosa mahali. Daktari aliikunjua yote. Chini kabisa, kwa kalamu, mtu alikuwa ameandika: 172/104. Ilikuwa presha yake. Ilikuwa pale muda wote, kwenye mkunjo wa mwisho. Mjomba alionyesha watu nusu ya juu kwa miezi minne, na sisi sote, mimi nikiwemo na digrii yangu, hatukuwahi kuikunjua. Presha ya miaka mingi ndiyo inayouchosha moyo mpaka unaanza kupiga ovyo.

Kwa hiyo nikuombe kitu cha kwanza, kabla hata ya kolesteroli. Pima presha wiki hii. Famasia nyingi mjini zina mashine, zahanati ya serikali ya mtaa wako inayo, inachukua dakika tano. Keti kwanza utulie, usiwe umetoka kukimbiza matatu. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo muone daktari. Mafuta ya damu yapime mara moja ukishapita miaka 20. Yakiwa sawa na huna historia ya familia, unaweza kukaa miaka minne mpaka sita kabla ya kurudia. Uliza bei kabla hawajakutoa damu, maabara hutofautiana sana. Kama unataka namba za kukumbuka, kolesteroli jumla iwe chini ya 5, LDL chini ya 3, trigliseridi chini ya 1.7, na HDL juu ya 1 kwa mwanamume na juu ya 1.2 kwa mwanamke. Aliyewahi kupata kiharusi cha mafuta kwenye mishipa anatakiwa ashushe LDL mpaka chini ya 1.8, na hapo ni suala la dawa, mazoezi peke yake hayatamfikisha.

Kuhusu zile chupa za "kusafisha mishipa" zinazouzwa ndani ya matatu na sasa TikTok, za kitunguu saumu, tangawizi na ndimu: kunywa kama unapenda ladha. Mwenye LDL ya 4.7 akiacha statin kwa sababu ya chupa hiyo, anajidanganya kwa pesa zake mwenyewe. Nimesikia pia wanaosema statin inamaliza nguvu za kiume. Kinachomaliza nguvu hizo mara nyingi ni mishipa iliyoziba, ambayo ndiyo hiyo dawa inapambana nayo.

Sasa muda. Mshipa mkubwa ukiziba, makadirio ni kwamba ubongo unapoteza takriban seli milioni 1.9 kila dakika. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, lakini inatolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na ni lazima kwanza kichwa kipigwe picha ya CT kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Ukimpa dawa hiyo mwenye mshipa uliopasuka unamuua. Kuna pia njia ya kuingiza waya kwenye mshipa na kulivuta bonge, inayoweza kufanyika kwa baadhi ya wagonjwa hata hadi saa 24, ila hospitali zenye uwezo huo ni chache na bei yake si ya mtu wa Kangemi.

Mjomba aliangusha kikombe saa mbili asubuhi. Wa kwanza kufika walisema amepigwa na baridi, wakamkanda kwa mafuta ya kupaka. Wa pili walisema kuna mkono wa mtu, wakaomba. Mtu fulani alimpa maji, akapaliwa. Mwingine alikumbuka aspirini. Wote walimpenda. Saa kumi na moja jioni ndipo tulipofika hospitali yenye mashine ya CT, saa tisa nzima tangu kikombe kidondoke. Jumapili, tena bila foleni kwenye James Gichuru.

Jirani yeye aliokolewa na bintiye wa miaka 19. Aliuona mdomo wa baba umepinda, akamwambia ainue mikono yote miwili, mmoja ukashuka. Akamwambia aseme jina lake lote, likatoka limeviringana. Hakupigia mtu wa ukoo. Aliangalia saa, akaita teksi kwa simu, na akiwa njiani akapigia hospitali kuuliza kama CT yao inafanya kazi siku hiyo. Nisiwe mwongo, kwa kiharusi kidogo kama kile huenda angepona hata angechelewa. Lakini yule binti hakujua kama ni kidogo. Kwa nje, dakika ya kwanza, hakuna anayejua.

Kwa hivyo yashike haya: uso umepinda, mkono umelegea, maneno yameharibika, hata kama ni moja tu kati ya hayo na hata kama limepita lenyewe baada ya dakika kumi. Andika saa uliyomwona mara ya mwisho akiwa mzima, daktari atakuuliza hilo kabla ya jina. Usimpe chakula, maji wala aspirini. Usimwongezee dawa za presha nyumbani. Mlaze kwa ubavu kama anatapika. Na jua leo, kabla ya siku hiyo, ni hospitali ipi karibu na kwenu ina CT inayofanya kazi usiku. Kwa watu wa Kangemi, Uthiru, Kawangware na Dagoretti, hiyo mara nyingi si ile iliyo karibu zaidi kwa miguu. Piga simu uulize. Nimefanya hivyo kwa mtaa wangu, na hospitali ya kwanza niliyopigia waliniambia mashine ipo ila fundi wake huondoka saa kumi na moja.

Mjomba sasa anaweza kusema "chai", "hapana", na jina la anti. Karatasi bado iko kwenye waleti. Anti ameigeuza, na upande wa nyuma, kila asubuhi kabla hajamkorogea uji, anaandika presha. Jana ilikuwa 134/82.